Mapezi Manne ya Prezida

Ansima,

Wewe na papa yako mmekwenda Majengo kumuaga mama mukubwa wako, na ninavyomjua dada yangu hamtatoka kule kabla hajawalisha mara mbili. Nyumba yote ni yangu mchana huu. Mvua inapiga bati, valizi yako iko wazi kitandani, na mimi nimekaa kwenye meza ya kulia na kalamu ya ofisi, nina hasira ambayo sina mutu mwingine wa kumpa.

Kesho asubuhi utavuka barrière ya mpakani, uzunguke nchi za watu ili ufike upande mwingine wa nchi yako mwenyewe, huko Muanda, kwenye bahari. Sitakuandikia habari za kula, za kulala wala za kusali. Papa yako amekwisha kukuambia hayo yote, hadi ukaanza kuitika kabla hajamaliza sentensi. Mimi nataka kusema juu ya simu ya jana.

Ulikuwa umesimama mlangoni, na simu inapiga kelele nyumba nzima kwa sababu haisikiki tena sikioni. Meneja wa ile hoteli alikuwa anakueleza kazi yako. Wageni watakuja asubuhi, utawafundisha kusimama juu ya ubao na kupiga kasia; wenye uwezo utawapeleka kwenye mawimbi. Kisha akasema, "Mapezi usijisumbue kubeba, mademoiselle. Hapa kila ubao una manne. Manne tu. Ndiyo ya kisasa."

Nawe ukajibu, "Oui, monsieur. Hakuna shida."

Hakukuuliza una kilo ngapi. Hakukuambia mbao zake ni ndefu au fupi, wala kama hao wageni utawaweka kwenye maji yaliyotulia au kwenye wimbi linalovunjika. Mutu anayechagua mapezi ya kufunga chini ya ubao bila kuuliza maswali hayo ni kama fundi nguo anayekata kitambaa huku mteja bado yuko njiani. Na wewe, ambaye umefungua na kufunga mapezi kuliko mutu yeyote wa mji huu, ukamwambia hakuna shida. Nilikuwa nachambua mboga ya lengalenga. Niliendelea kuchambua, na nadhani tulikula na mashina yake.

Inawezekana ana haki. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Bahari mimi siijui. Nimeambiwa kwamba wimbi la bahari linasimama kama ukuta, na kwamba ukiteremka nalo, yale mapezi manne ya pembeni yanauma maji na kukushika, wakati pezi la katikati lingekuvuta nyuma. Sawa. Lakini yeye hakusema hivyo. Alisema ni ya kisasa. Na neno hilo nilikwisha kulisikia, mahali ambapo na wewe ulikuwepo.

Acha nianze mbali kidogo. Wewe unaikumbuka siku ile kwa macho ya mutoto aliyetaka kupendeza kwenye foto. Mimi ninaikumbuka vingine.

Unajua jinsi nilivyofika kwenye maji. Miaka ya kujaza karatasi za forodha kwa ajili ya wafanyabiashara, Bunagana kwanza halafu hapa, ilinikunja mgongo. Muuguzi akaniambia nitafute mchezo unaomfanya mutu asimame. Rafiki yangu wa ofisini akanipeleka kwenye kile kilabu cha kando ya ziwa, ambako mgeni mmoja aliyemaliza mkataba wake alikuwa ameacha mbao za kusimama. Siku ya kwanza nilishuka na kitenge juu ya nguo ya kuogelea. Kulikuwa na wanaume wamekaa kwenye viti vya plastiki, wanaume ambao kina chao chote cha maji ni kile cha kwenye glasi, na walinicheka hadi mmoja akajimwagia bia. Niliwatazama tu kama ninavyomtazama mutu anayeapa juu ya mzigo ambao hajaufungua.

Ila kusema kweli, siku ile walikuwa na kitu cha kucheka. Depoti ya kilabu ilikuwa na boksi la mapezi ya kila aina, na hakuna aliyenieleza lolote. Nikachagua kwa macho. Nikachukua moja la buluu, limelala nyuma kama mkia wa jogoo, kwa sababu lilifanana na kitenge changu. Baadaye nilikuja kujua kwamba pezi la namna ile limetengenezwa kwa ajili ya maji yenye majani mengi, ili majani yateleze yasinase. Pale kwetu hakuna majani ya kusumbua mutu. Na juu ya hayo nililifunga kinyume, ncha ikitazama mbele. Nikaingia ziwani, nikawa nazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, hadi mmoja wa wale wa viti vya plastiki akainua mkono.

"Mama, iyo pezi yako inaangalia fasi mubaya."

"Na wewe umeiona tangu saa ngapi?"

"Tangu ulikuwa unaifunga."

Huyo nilimdharau tangu siku ile, na sijapata sababu ya kuacha.

Basi kwa aibu nikarukia upande wa pili. Nikachukua pezi refu kuliko yote, linafika kutoka kiwiko hadi kwenye vidole, nikalikaza katikati, nyuma kabisa ya ule mfereji wa chini ya ubao unaoshika pezi. Likanipeleka moja kwa moja kama rula. Nilifurahi sana. Nilipita mbele ya viti vile nikienda na kurudi kwenye mstari ulionyooka, bila kutazama kando. Halafu siku moja nikirudi na wimbi nyuma yangu, pezi likagonga jiwe la volkano chini ya maji. Ubao ukasimama. Mimi sikusimama. Kovu la kwenye mguu wangu unalijua. Ulikuwa unalishika ukiwa na usingizi kwenye misa.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza, kwa ngozi yangu, kwamba kila pezi linakupa kitu na linakunyang'anya kingine. Lile refu linakupa mstari na linakunyang'anya kugeuka, tena linataka kina ambacho ufuko wetu wa mawe hauna. Mawili madogo ya pembeni yanalisaidia la katikati ubao unapoinama. Manne bila la katikati ni mepesi, yanageuka haraka, lakini kwenye maji tambarare na upepo wa ubavuni, kila ukipiga kasia kulia pua inakimbilia kushoto, na nusu ya nguvu yako inaishia kwenye kunyoosha ubao. Ni hayo tu. Mutu wa akili ya kawaida anayaelewa kwa asubuhi moja, akikubali kulowa.

Prezida Anselme hakupenda kulowa. Alikuwa prezida wa kilabu kwa sababu ndiye aliyekuwa na miwani mizuri kuliko wengine wote, na kwa sababu alijua kuanza kikao. Mwaka ule alikwenda Ulaya kwenye harusi ya mdogo wake. Akapelekwa pwani, akaona vijana wakiteleza juu ya mawimbi, akaona mbao zao zikiwa zimepinduliwa mchangani. Akarudi na boksi la mapezi ya njano, manne kwa kila ubao wa kilabu. Mapezi yote ya katikati akaagiza yatolewe, yatiwe kwenye gunia, na gunia lifungiwe depoti. Kwa nini? Alitaka foto. Mbao zote zipinduliwe mchangani, mapezi ya njano yasimame kwa mstari, sisi tusimame nyuma yake na gile zetu za kuelea. Baada ya foto, video, tukitoka wote kwa pamoja hadi katikati ya ghuba.

Mimi nilikuja na pezi langu kwenye kikapu, nikalifunga mbele ya macho yake.

"Mama Ansima, iyo pezi yako njo inaharibu foto."

"Na foto njo itanirudisha ku kando ya ziwa?"

"Iko ya zamani. Sasa banatumia mapezi ine, dunia muzima. Njo ya kisasa."

"Dunia muzima iko na bahari. Sisi tuko na ziwa."

Alinicheka kwa upole, kama mutu anayemcheka mutoto aliyesema neno kubwa. Kisha akageuka kwako. Ulikuwa na bisibisi mkononi. Nilikusogelea, nikakuambia kwa sauti ndogo uache lile la katikati, uongeze tu ya njano mawili pembeni kama ni rangi wanayoitaka. Ukanijibu bila kunitazama, "Mama, usinipatishe haya." Na kwa yeye ukasema, kwa sauti nyingine kabisa, sauti iliyopigwa pasi, "Oui, président. Hakuna shida."

Kwenye ile foto wewe ni wa pili kutoka kushoto. Umependeza, siwezi kukataa. Mimi niko mwisho, na mbele yangu ubao mmoja wenye pezi jeusi, kama jino lililooza.

Upande wa Masisi mbingu ilikuwa imekwisha kuwa nyeusi. Nilimwonyesha. Akasema, "Ni mvua ya mbali." Tukaingia. Mwanzoni kila kitu kilikuwa kizuri. Ziwa limelala, kijana wa video yuko ndani ya boti ya injini, na Prezida yuko mbele na miwani yake. Mapezi ya njano hayakuonekana hata na mutu mmoja, kwa sababu mapezi yanakaa chini ya maji. Hilo nadhani hakuna aliyelifikiria.

Upepo ukaja kutoka Sake, kutoka ubavuni. Unajua unavyokuja: kwanza maji yanabadilika rangi, halafu unausikia kwenye masikio. Mbao zikaanza kugeuka moja moja kama mutu anayeitwa jina. Ubao wa Prezida ulikuwa wa kwanza. Alipiga kasia upande huu, ubao ukageuka. Akapiga upande ule, ukageuka tena. Hakupiga mara nyingi. Alikaa chini, akaita boti, na boti ikaja kwake kwa sababu yeye ndiye aliyeilipia mafuta. Akapanda. Halafu akapandisha ubao wake, kwa uangalifu, ili usikwaruzwe, na ubao ule ukachukua nafasi ya watu wawili. Wale waliokuwa karibu wakajibana ndani. Nilimsikia akipaza sauti juu ya injini, "Tunawarudia sasa hivi!" Nikaiona boti inakwenda kando na pua ya ubao wake imetokeza juu.

Wewe ulikuwa mbali kuliko wote, kwa sababu una nguvu na ulitaka kuonekana vizuri kwenye video. Nilikuona umepiga magoti. Kisha nikakuona umelala kifudifudi, unapiga maji kwa mikono. Nyuma yako nyumba za Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, zilikuwa zinakua.

Ubao wangu ulikwenda. Hilo nitalisema hadi nife: ulikwenda. Lakini ulikwenda ulikotaka. Kila nilipotaka kuugeuza ukufuate, lile pezi refu lilishikilia mstari wake kama mutu mwenye kiburi, na nilizunguka kwa upana mkubwa ndipo nikupate. Nilipokufikia ulikuwa na midomo ya kijivu. Nilifunga kamba yako ya mguuni kwenye ubao wangu, nikajaribu kukuvuta kuelekea nyumbani, na tukawa tunarudi nyuma huku ninapiga kasia mbele. Peke yangu ningeweza kurudi. Na wewe sikuweza. Basi nikaweka kasia chini, nikahamia kwenye ubao wako, nikakaa nyuma yako, nikakufunika mgongo kwa tumbo langu, na upepo ukatupeleka kwa jirani.

Boti ya askari wa ziwa wa upande ule ilitukuta kabla ya ufuko. Sitasema nilikuwa na ujasiri. Kuna nyakati za kupotea upande ule, na zile hazikuwa zenyewe, nchi mbili zilikuwa zinatazamana vibaya; nilifikiria mashtaka yote ambayo wangeweza kutuandikia. Wakatupatia mablanketi, wakatukalisha kwenye chumba chenye dawati. Ofisa mmoja mwenye umri wa papa yako akaleta kiti, akaniita mubyeyi, kama wanavyomwita mwanamke mwenye watoto kule, akaanza kuuliza.

"Mulikuwa munaenda wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani ni nyuma yenu."

"Ndiyo. Ubao wa mutoto haukukubali kurudi."

Alitoka, akaupindua ubao wako pale nje. Akarudi.

"Ile miti minne ya manjano ni ya kazi gani?"

"Ni ya foto."

Hakucheka. Alinitazama aone kama namchezea. Nikamweleza, nikiwa natetemeka meno, pezi la katikati linafanya nini na lile la pembeni linafanya nini, na upepo wa ubavuni unafanya nini. Alisikiliza yote.

"Nani aliyechagua?"

"Prezida wetu."

"Yeye iko wapi?"

"Alirudi wa kwanza."

"Alirudi na nani?"

"Na ubao wake."

Ofisa akaweka kalamu chini. Akakuangalia wewe, ulivyojikunja ndani ya blanketi, kisha akamwambia kijana mlangoni akuletee chai nyingine. Akatusindikiza mwenyewe hadi barrière. Tukavuka kwa miguu mitupu, mbao zimebebwa vichwani, maji yanatutiririka, katikati ya wanawake waliobeba nyanya na vitunguu, na kila mutu akitupisha kama maiti zinazopita. Papa yako alikuwa upande wetu, amesimama kwenye mvua na viatu mkononi. Kimoja kilikuwa chako na kingine changu.

Ungefikiri kwamba baada ya hapo Prezida angenyamaza. Jumapili iliyofuata aliita kikao. Alisema upepo ulikuwa wa ajabu. Alisema "bamama habana nguvu ya kutosha mu mikono," na kwamba kuanzia sasa bamama wabaki karibu na kando. Maître Josué, yule mwanasheria mnene, ambaye alikuwa amechukua nafasi ya mwisho kwenye ile boti na anajua vizuri kilichotokea, alitikisa kichwa kukubali. Niliinua mkono.

"Prezida, wakati ubao ulikuwa unageuka chini yako, ulipiga kasia upande gani?"

"Mimi nilikuwa ninasimamia usalama, mama."

Watu wakapiga makofi. Wiki ile ile foto ikawekwa kwenye simu za watu wote, na chini yake yameandikwa maneno: siku nzuri juu ya maji. Nilitoka kilabu bila kuaga. Wengi walibaki. Bado wapo pale, na nasikia mapezi ya njano bado yanafungwa kila Jumapili. Hawawezi kuyaacha. Mutu aliyekwisha kununua boksi zima hatetei mapezi tena, anatetea boksi.

Lakini nilichotaka kukukumbusha ni kilichofuata hapa nyumbani, kwa sababu naona umekisahau. Hukunilalamikia, hukumlalamikia yeye. Ulikwenda kwa yule mwenye ubao wa kukodisha upande wa Himbi, ukiwa na mapezi ya kila aina uliyoweza kuomba na kuazima, ukawa unaingia majini asubuhi kabla ya masomo. Unafunga haya, unatoka. Unafunga yale, unatoka. Nikadhani umepata mchumba. Halafu siku moja mezani ukaweka uma chini.

"Mama, ya Prezida ni mubaya kwa hapa kwetu. Lakini ya kwako pia ni mubaya."

"Ya kwangu njo ilikufikia."

"Ilinifikia kwa kuchelewa. Ni murefu ya bure. Ungekuwa na ya katikati mufupi, na mbili ndogo pembeni, ungegeuka mara moja na ungenivuta."

Papa yako alicheka ndani ya sahani. Sima niliyokupakulia siku kadhaa baadaye ilikuwa ndogo. Halafu nikaenda kujaribu bila kukuambia. Ulikuwa na haki. Niligeuka pale nilipotaka, nikanyooka pale nilipotaka, na mawe hayakunigusa. Nilikaa juu ya ule ubao katikati ya ghuba nikiwa nimekasirika sana, kwa sababu nilikuwa nimezoea kuwa mimi peke yangu niliye na akili.

Sasa unaelewa kwa nini ile "oui, monsieur" ilinichoma. Yule mutoto wa bisibisi sikumlaumu sana, alikuwa hajui. Wewe unajua. Unakwenda kufundisha watu ambao hawajui, watakaosimama juu ya ubao kwa sababu wewe umesema usimame. Meneja hatakuwa majini. Meneja atakuwa kwenye baraza, kama wote.

Ukifika, muulize sababu. Kama anajua kazi yake atakuambia juu ya wimbi, linavyosimama, linavunjikia wapi, na kina chake. Mutu kama huyo msikilize hata kama ananuka kiburi. Na mimi nanuka kiburi. Lakini akikujibu kwamba dunia muzima wanatumia manne, basi umekwisha kumjua, na usipoteze maneno naye. Kaa mchangani asubuhi nzima utazame maji kabla hujaingia. Usinisikilize hata mimi. Mimi ni mwanamke wa karatasi za forodha aliyefunga pezi kinyume.

Nimeacha kuandika hapo na kuinuka.

Nakueleza kilichotokea, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeona. Nilikata shauri kwamba maneno hayatoshi. Nikaenda nyuma ya mlango wa jikoni, ambako mapezi yetu yananing'inia kwenye misumari, nichukue lile fupi la katikati na yale mawili madogo, niyafiche katikati ya nguo zako. Ungeyakuta Muanda na usingekuwa na la kufanya.

Misumari ilikuwa mitupu.

Nikaenda chumbani kwako. Nikapiga magoti mbele ya valizi ya mutoto wangu kama mwizi, nikainua majinzi, nikainua taulo. Chini kabisa nikakuta soksi nne zimejaa kitu kigumu. Fupi la katikati. Madogo ya pembeni. Lile refu langu, ambalo hukuniomba. Na yale manne ya njano, sijui uliyapataje. Kwenye kifuko cha dawa, visi zote za kuyakazia, na bisibisi.

Nilikaa sakafuni. Ulikuwa umekwisha kuyafunga kabla yule meneja hajapiga simu. Soksi zilikuwa chini ya nguo ulizokunja juzi. Alipokuambia usijisumbue kubeba, yalikuwa tayari valizini, na wewe ukamwambia oui, monsieur, kama mutu anavyompisha mlevi njiani, bila kusimama na bila kupandisha sauti. Nimekaa na dharau miaka yote hii, ninaitangaza mbele ya vikao, ninaipigia mdomo hadi mezani. Yako ni ya kimya, na nilikuwa nimesimama karibu yako nikichambua lengalenga bila kuitambua.

Nimekunja kila kitu kama kilivyokuwa. Sikutoa wala sikuongeza. Nilifikiri kuichana barua hii, halafu nikaona kwamba nimeandika sana na mgongo unaniuma, basi utaisoma.

Nasikia portail ya nje inafunguliwa, na papa yako anakung'uta miavuli. Zile soksi ni zake, zile za misa. Anazitafuta tangu Jumapili. Sitamwambia kitu.

Mama yako